Ninaingia kidato cha tatu: Kijerumani kinabadilika vipi?

Swali: Mwalimu, habari yako. Mimi ni msichana kutoka Kisumu, nasoma shule ya bweni, na nimemaliza kidato cha pili. Kijerumani nimekisoma miaka miwili na alama zangu zimekuwa nzuri. Sasa dada walio mbele yetu wanasema kidato cha tatu ni balaa, kwamba hata waliokuwa wa kwanza darasani wanapata D. Shuleni kwetu ukichukua Kijerumani huwezi kuchukua Biashara. Nitarajie nini? Na je, nikiache? Pia, ninunue kamusi, au simu inatosha?

Jibu: Binti yangu, hao dada hawakukudanganya. Tatizo ni kwamba walikuonyesha balaa bila kukuonyesha linatoka wapi.

Miaka miwili ya kwanza humlipa anayekariri. Ukishajua "Ich heiße", "Ich komme aus Kisumu", "Mein Vater ist Fischer", ukajua siku za wiki, rangi, vyakula na watu wa nyumbani, mtihani unakuwa kama kukutana na jirani njiani. Unaandika sentensi ulizokuja nazo nzima nzima kichwani. Kidato cha tatu kinakutaka ujenge sentensi papo hapo, kuhusu jambo ambalo hukulitarajia, na kila neno limfuate mwenzake kwa kanuni. Nimefundisha lugha hii Kisumu na sasa nafundisha Nakuru, na kila mwaka muhula wa kwanza naliona jambo lile lile: aliyekuwa na daftari safi la msamiati anashuka, na yule aliyekuwa akiuliza "kwa nini hapa ni dem na pale ni den?" anaanza kupanda. Kwa vipimo vya Ulaya vya ujuzi wa lugha, vinavyoanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya mweledi, unatoka A1 na kuingia A2, na mwenye bidii hubisha mlango wa B1 kabla ya KCSE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne.

Nianze na ziwa lako, maana mafunzo mengi ya mwaka huo yamo humo. Ziwa ni "der See". Ukisema "die See" umeshaondoka Kisumu, uko Mombasa baharini, kwa sababu "die See" ni bahari. Herufi ni zile zile. Kilichobadilisha maana ni hicho kineno cha mbele ambacho kidato cha kwanza ulikiona kama pambo. Sasa tazama:

"Kisumu liegt am Viktoriasee." Kisumu iko kando ya Ziwa Victoria.
"Am Sonntag fahren wir an den Viktoriasee." Jumapili tunaenda ziwani.

"Am" ni "an" na "dem" zilizounganishwa. Katika sentensi ya kwanza mtu anaulizia mahali kitu kilipo, na jibu ni "dem". Katika ya pili anaulizia mwelekeo wa safari, na jibu ni "den". Sisi hapa tunateleza kwa sababu Kiswahili hakitofautishi kwenye nomino: niko ziwani, naenda ziwani. Hiyo "-ni" haibadiliki, kitenzi ndicho kinachobeba kazi yote. Mjerumani anauliza maswali mawili tofauti pale sisi tunapouliza "wapi?" tu: "wo?" kwa mahali ulipo, "wohin?" kwa mahali uendako. Maneno yanayofuata kanuni hii ni tisa: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Yashike hayo tisa likizo hii, na kila moja ulitungie sentensi mbili, moja ya kukaa na moja ya kwenda, kwa kutumia mahali unapopajua: soko, kanisa, bweni, kituo cha matatu. "Ich bin auf dem Markt." "Ich gehe auf den Markt." Ni sentensi kumi na nane tu. Hakuna saa mbili za likizo zitakazokufaa kuliko hizo.

Jambo la pili ni zito zaidi, lakini hapa una msaada ambao wanafunzi wangu wengi hawajui kuwa wanao. Katika Kiswahili mnafundishwa, au mtafundishwa karibuni, shamirisho kipozi na shamirisho kitondo. "Ninamnunulia mama samaki." Samaki ni kipozi, kinachonunuliwa. Mama ni kitondo, yule ninayemnunulia. Mjerumani anasema: "Ich kaufe meiner Mutter einen Fisch." Kipozi chako ndicho Akkusativ: einen Fisch. Kitondo chako ndicho Dativ: meiner Mutter. Kiswahili kinaonyesha uhusiano huo ndani ya kitenzi, kwa ile kauli ya kutendea, nunua ikawa nunulia. Kijerumani hakigusi kitenzi, kinabadilisha kineno kilicho mbele ya mtu. Nilipoanza kufundisha nilieleza jambo hili kwa kupitia Kiingereza, na darasa zima lilinitazama kama ukuta. Kiingereza hakina tena alama hizo kwenye nomino zake, kwa hiyo ni mwalimu dhaifu kwa somo hili. Siku niliyoandika ubaoni "mama, samaki, kununulia", msichana wa nyuma alisema kwa sauti, "Kumbe ni kitondo!" Tangu siku hiyo sijaanzia kwingine.

Usidhani njia hiyo inafika kila mahali. Kuna vitenzi vinavyotaka Dativ hata kama Kiswahili hakioni sababu: helfen (kusaidia), danken (kushukuru), gehören (kuwa mali ya), gefallen (kupendeza). "Ich helfe meiner Mutter." Hivyo ni vya kushika tu, na si vingi.

Kuhusu der, die, das zenyewe, usimsikilize anayekwambia Kijerumani hakina mpango. Umekua na Kiswahili, lugha ya ngeli. Unasema kitabu kizuri, vitabu vizuri, mti mzuri, miti mizuri, na hujawahi kukaa chini kulia juu ya upatanisho wa kisarufi kabla ya kufungua mdomo. Kijerumani kina makundi matatu tu. Tena miisho mingine inakupa jibu: -ung, -heit, -keit, -schaft na -ion huwa die, -chen na -lein huwa das. Ndiyo maana msichana ni "das Mädchen", jambo linalowaudhi wanafunzi wangu wa kike kila mwaka. Nawaambia wafikirie neno "kijana". Umbo lake ni la KI-VI, lakini kwa kuwa ni mtu tunasema kijana amekuja. Kiswahili kinaacha uhai ulishinde umbo. Kijerumani kinaacha umbo lishinde, na -chen ikishafika mwishoni, das imeshafika mbele.

Sehemu itakayokuchosha kuliko zote ni miisho ya vivumishi. "Der neue Lehrer", lakini "ein neuer Lehrer", lakini "mit dem neuen Lehrer". Utapewa majedwali. Yasome mara moja ili uelewe mantiki yake, kisha yaache ukutani. Hakuna mtu aliyejifunza kusema "viti vizuri" kwa kutazama jedwali. Jifunze vifungu vizima, kwa sauti, vingi, hadi ulimi wenyewe ukatae kosa. Na ukikosea mwisho wa kivumishi ukiwa unazungumza, endelea kuzungumza. Kosa hilo haliui maana.

Kosa linaloua maana ni kitenzi kikiwa mahali pasipo pake. Katika kishazi tegemezi kinachoanza na weil, dass, wenn au obwohl, kitenzi kilichonyambuliwa kinaenda mwisho kabisa: "Ich bin zu spät gekommen, weil das Matatu eine Panne hatte." Nimechelewa kwa sababu matatu iliharibika. Hatuna kitu kama hicho. Kitenzi cha Kiswahili kinakuja mapema na kimebeba kila kitu, mtendaji, wakati na mtendwa, kama "nitakuandikia". Mjerumani anakuweka ukingoja. Hata anapokupigia simu anaivunja kazi hiyo vipande viwili: "Ich rufe dich morgen nach dem Essen an." Ukiacha kusikiliza kabla ya hiyo "an", hujasikia kuwa atakupigia simu. Kwa hiyo katika mtihani wa kusikiliza jizoeze subira: usiandike jibu kabla sentensi haijafika mwisho.

Wakati uliopita mtautumia sana kwa umbo la Perfekt, na utachagua kati ya haben (kuwa na) na sein (kuwa). Kusafiri, kwenda, kuja, kuamka, kupitiwa na usingizi, yaani kuhama mahali au hali, vinataka sein, na "bleiben", kubaki, inajiunga nao bila kuhama popote. Vingine vingi, haben. Hilo ni suala la mazoezi ya wiki mbili. Passiv nayo ni kauli yetu ya kutendwa: "Das Boot wird repariert", mashua inatengenezwa. Na umbo la "hätte" na "würde" ni "-nge-" yetu: "Wenn ich Geld hätte, würde ich nach Berlin fliegen", ningekuwa na pesa ningesafiri kwenda Berlin.

Saa ndiyo inayonisikitisha, kwa sababu watoto hupoteza alama rahisi hapo. "Halb drei" ni nusu ya kuelekea tatu, yaani saa inayoandikwa 2:30. Sisi tunaiita saa nane na nusu. Mwanafunzi wa Kisumu anasikia "drei", anafikiria tatu, anaandika 3:30, au anarudi kwenye saa za Kiswahili akapotea kabisa. Dawa ni moja: ukisikia saa ya Kijerumani, chora uso wa saa na mishale yake pembeni mwa karatasi, usipitie maneno. Tarakimu nazo zinageuzwa. Sisi tunasema thelathini na saba, wao "siebenunddreißig", saba na thelathini. Muombe mwenzako akusomee namba za simu wakati wa prepu, dakika tano kila jioni, wewe ukiandika. Ndani ya mwezi mmoja utakuwa umelimaliza tatizo hilo.

Darasani kwenyewe, tarajia kundi dogo. Wengi wataondoka baada ya kuchagua masomo, mtabaki labda kumi au kumi na watano, na hutaweza kujificha nyuma ya mtu. Mwalimu anayejua kazi yake atapunguza Kiingereza na Kiswahili, atatoa maagizo kwa Kijerumani na kungoja. Kimya kile kinaumiza wiki za mwanzo. Mtapewa imla, mtasikilizishwa sauti za watu wanaosema kwa kasi ya kawaida, mtasoma tangazo, barua pepe na makala fupi, mtaandika karibu kila wiki.

Kuhusu matamshi, nikueleze jambo kwa upendo. Wengi waliolelewa kwa Dholuo wanajua jinsi "sh" inavyoteleza ikawa "s", na wamechekwa kwa hilo tangu shule ya msingi. Kijerumani kimejaa sauti hiyo: Schule, schön, Tisch, Deutsch. Wanafunzi wangu kadhaa walinyamaza mwaka mzima kwa kuogopa kicheko. Usinyamaze. Sauti hufundishika kama wimbo unavyofundishika, na neno la kuanzia tayari unalo, kwa kuwa "shule" yetu imetoka kwenye "Schule" yao, tangu Wajerumani walipotawala Tanganyika, kama "hela" ilivyotoka kwenye sarafu yao ya Heller. Sauti ya "ch" katika "Buch" iko karibu na "kh" ya "kheri". Kwa "ü", sema "i" huku midomo imeviringwa kama ya "u". Kwa "ö", sema "e" huku midomo iko kwenye "o". Fanya mbele ya kioo. Na ujue kuwa d, b na g mwishoni mwa neno hukauka: "Hund" husikika kama "Hunt".

Insha na barua zitakuwa na kazi maalumu: kuomba msamaha, kukaribisha, kutoa maoni, kuuliza habari. Kosa kubwa ninalosahihisha ni kuchanganya "du" na "Sie" ndani ya barua moja. Sisi heshima tunaiweka kwenye salamu na jina la undugu, mama, baba, mwalimu, lakini kitenzi kinabaki "unaweza?" kwa wote. Mjerumani anabadilisha kitenzi chenyewe: "Kannst du mir helfen?" kwa rafiki, "Können Sie mir helfen?" kwa usiyemzoea. Amua kabla ya kuandika neno la kwanza, kisha ushikilie hadi sahihi.

Mtihani wa kuzungumza wa KCSE hufanywa kabla ya karatasi za kuandika, na huko ndiko utaona faida ya kuwa mtoto wa mahali fulani. Usijifunze kueleza theluji ambayo hujaiona. Jifunze kueleza kwenu. "Ugali ist ein fester Brei aus Maismehl." Ukiulizwa kuhusu mazingira, zungumza kuhusu magugu maji: "Auf dem Viktoriasee gibt es viele Wasserhyazinthen. Das ist ein Problem für die Fischer, weil die Boote nicht mehr fahren können." Sentensi hizo mbili zina Dativ ya mahali, zina weil, na kitenzi kiko mwisho. Mtahini anayesikia jambo la kweli kutoka kwa mtu anayelijua husikiliza tofauti. Nilikuwa na mvulana mmoja Kisumu, dhaifu kwa sarufi, ambaye alieleza jinsi babu yake anavyoshona nyavu. Alikosea mara sita au saba, na bado yalikuwa mazungumzo bora ya siku hiyo.

Jihadhari pia na Kiingereza kinapojitia ukalimani. "Bekommen" ni kupata. Ukiandika "Ich bekomme Ärztin" ukidhani unasema utakuwa daktari, umesema unapata daktari. Sema "Ich werde Ärztin". "Also" ni kwa hiyo, "wer" ni nani, "wo" ni wapi, na "Gift" ni sumu, si zawadi.

Sasa swali la kukiacha. Mimi nakipenda Kijerumani, kwa hiyo pima maneno yangu ukijua hivyo. Kabla ya kuamua, nenda umuulize mwalimu wenu kama shule ina uhakika wa kuwa na mwalimu wa somo hili kwa miaka miwili ijayo. Shule nyingi za kwetu zina mwalimu mmoja tu wa Kijerumani, na akihamishwa mnabaki na vitabu. Jibu likiwa la mashaka, chukua Biashara bila kujilaumu. Likiwa zuri, jiulize kama unaweza kulipa somo hili nusu saa kila siku. Saa nne za Jumamosi hazitoshi, kwa sababu lugha husahaulika kati ya Jumapili na Ijumaa. Ukiweza, baki. Alama zako za miaka miwili si za bure. Msamiati ulioukariri ndio mawe ya msingi, ila sasa unatakiwa kujenga.

Kama nyuma ya swali lako kuna ndoto ya kwenda Ujerumani, na najua kwa wengi ipo, hasa tangu Kenya na Ujerumani zilipotia sahihi mkataba wa ajira na uhamaji mjini Berlin mwezi Septemba 2024, elewa kwamba KCSE peke yake haitatosha kuthibitisha lugha yako. Utatakiwa cheti kama cha Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha na kutahini lugha. Mafunzo ya kazi kule kwa kawaida huhitaji B1, uuguzi B2, na chuo kikuu kinachofundisha kwa Kijerumani kinataka zaidi ya hapo. Mtihani wao wa A2 una dakika 30 za kusoma, 30 za kusikiliza, 30 za kuandika na kama 15 za kuzungumza, na unafaulu kwa alama 60 kati ya 100. Mwanafunzi mzuri wa kidato cha tatu anaweza kuufanya bila aibu. Mtu akimwambia mzazi wako alipe pesa ili uende bila kujua lugha, mzazi asitoe hata shilingi.

Likizo, ukipata simu ya nyumbani, sikiliza habari zinazosomwa polepole kwa Kijerumani kwenye tovuti ya Deutsche Welle. Kwanza soma habari za siku hiyo kwenye idhaa yao ya Kiswahili, ujue kilichotokea, halafu sikiliza Kijerumani. Hutaelewa yote. Siku ya kwanza shika maneno matano, uyaandike.

Uliniuliza pia, chini kabisa ya barua, kama ununue kamusi au simu inatosha. Nunua kamusi ya karatasi, hata iliyotumika, kwa kuwa bwenini simu haipo. Na usiandike daftarini "See, ziwa". Andika "der See, die Seen", na mbele yake sentensi moja ya kwenu, ili neno liingie kichwani likiwa na kundi lake, wingi wake na mahali pake.